Usiku wa Guanajuato una wenyewe
Katika video niliyotazama wiki hii, vijana waliovaa mahameli meusi na majoho yenye tepe za rangi wamesimama kwenye ngazi za kanisa la San Diego, kando ya Teatro Juárez, magitaa kifuani, umati wa wageni ukisubiri kuwafuata. Hiyo ndiyo callejoneada, burudani ya usiku ya Guanajuato, Meksiko: unanunua tiketi, kisha unaimba huku ukipanda vichochoro, mara nyingi hadi Callejón del Beso, penye roshani mbili zinazokaribia kugusana. Mimi, mtu wa taarabu ya kukaa kitini, ningeishiwa pumzi kabla ya kiitikio cha pili. Mji huu uliotajirishwa na fedha ya migodini, ukaingia Urithi wa Dunia mwaka 1988, jukwaa lake ni mawe ya njia. Oktoba, tamasha la Cervantino lililoanza 1972 likifika, hata hiyo njia haipitiki. Mcheza kwao hutunzwa, nami sina kinyongo na mpiga gitaa. Anakula jasho lake. Ila juu ya kila kichochoro kuna dirisha, na nyuma yake kuna mtu wa kudamka kwenda kazini, anayezijua nyimbo hizo kwa moyo bila kupenda. Mji unaouza usiku wake pasipo kumgawia huyo chochote unamwibia usingizi, hata wizi ukiwa na sauti tamu. Angalau nyimbo hizo zipangiwe saa ya kunyamaza, na iheshimiwe hata Jumamosi.