Uso wa Saa si Saa

Miongoni mwa wapenzi wa saa kongwe hapa Dodoma kuna neno ambalo nimelinyamazia kwa muda mrefu, na sasa naona kuwa kulinyamazia ni kulikubali. Wasema kwamba saa ya kamani, itiwayo ufunguo, ndiyo saa ya kukusanywa na mtu mwenye akili. Na kwamba saa ya betri, hata ikiwa na umri wa miaka arobaini, ni takataka. Ya kwanza ina roho, wasema, na ya pili ina betri tu. Neno hili ni tamu masikioni, lakini utamu si ushahidi. Nataka kulipinga. Tena nataka kulipinga neno la pili, ambalo husemwa na wenzangu wanaozipenda saa za betri kama nizipendavyo mimi: kwamba kila kilicho kikongwe kina thamani. Maneno haya mawili ni ndugu wa baba mmoja, na baba yao ni uvivu wa kutazama.

Tuanze na hiyo roho. Mkazi wa Dodoma hana haja ya kwenda mbali kuitafuta. Majabali tunayoyaona kila asubuhi yamejaa punje nyeupe zing'aazo za jiwe liitwalo kwatzi. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kuwa mawe ya namna hiyo yakibanwa hutoa umeme. Na baadaye ikajulikana kuwa yakipewa umeme, nayo hutikisika. Mwaka 1927 Warren Marrison na mwenzake, huko Marekani, walitengeneza saa ya kwanza iliyoongozwa na mtikisiko huo, nayo haikuwa ya kuvaliwa mkononi. Ilipofika tarehe 25 Desemba 1969, mjini Tokyo, kampuni ya Seiko iliuza saa ya mkononi ya kwatzi iliyoitwa Astron, kwa yeni 450,000, bei iliyokaribia ya motokaa ndogo. Jiwe lake lilitikisika mara 8,192 kwa sekunde. Saa nyingi zilizofuata hutikisika mara 32,768, na idadi hiyo ukiigawa kwa mbili mara 15 hubaki moja. Na moja hiyo ndiyo hatua ya akrabu ya sekunde. Mtu anayeisikia hesabu hii, kisha akasema kuwa kitu hiki hakina fikira ndani yake, hana haki ya kutufundisha habari za roho.

Lakini fahari kubwa ya saa hii si hesabu yake. Fahari yake ni kwamba ilishuka daraja kwa hiari. Kitu kilichozaliwa kwa bei ya motokaa kilifika mkononi mwa mpishi katika muda usiozidi miaka ishirini. Wenye viwanda wa Uswisi waliumia sana, na wafanyakazi wao walipungua kwa zaidi ya nusu baina ya mwaka 1970 na katikati ya miaka ya 1980. Sitakejeli msiba wao. Hata hivyo, kilichokuwa msiba kule kilikuwa fursa huku. Mwaka 1984 Serikali yetu iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, maduka yaliyokuwa matupu yalianza kujaa tena, na katika miaka hiyo marehemu baba yangu alinunua saa yake ya kwanza na ya mwisho. Ilikuwa saa ya betri. Kwa saa hiyo alinifundisha kusoma wakati kwa desturi yetu: akrabu fupi ikilenga saba, twasema saa moja, ikilenga moja, twasema saa saba. Anayeidharau saa ya betri anadharau, ajue asijue, saa ya kwanza ya nyumba nyingi za nchi hii.

Je, basi tununue kila saa kongwe ya betri tuionayo? Hasha. Hapa sina budi kujishitaki mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikutana na muuzaji aliyekuwa na saa yenye jina kubwa. Uso wake ulimeremeta kama wa bibi arusi. Nilitoa shilingi 180,000 bila kuomba ifunguliwe, nikaenda nayo kwa fundi saa mmoja, mzee aliyezeekea katika kazi hiyo. Aliitazama kwa kioo chake, akaifungua kifuniko, akanisogezea nione. Uso ulikuwa umepakwa rangi upya. Ndani, betri ilikuwa imevuja zamani, na chumvi yake ya kijani ilikuwa imekula shaba.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "umenunua uso, saa hukununua."

Sikuwa na jibu, wala sijalipata hadi leo. Ila tangu siku hiyo nimejiwekea maswali manne, nami nadai kwamba asiyeyauliza si mkusanyaji bali ni mteja wa bahati nasibu.

Swali la kwanza: yafunguka? Muuzaji anayekataa kufungua kifuniko cha nyuma anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Swali la pili: mtambo wake ni wa namna gani? Mtambo wa chuma ulioshikwa kwa skrubu waweza kufunguliwa, kusafishwa na kurudishwa. Ule wa plastiki uliobanwa moja kwa moja, ukifa umekufa. Katika saa za tarakimu, doa jeusi lililotambaa ndani ya kioo halifutiki. Dawa yake ni kupata kioo kingine. Swali la tatu: sehemu zake ni zake? Katika saa nyingi za Seiko za miaka ya 1970 na 1980, tarakimu ya kwanza ya namba ya mfululizo iliyo mgongoni ni ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa, na alama ya pili ni ya mwezi. Namba ikisema jambo moja na uso ukasema jingine, amini namba. Swali la nne, nalo ndilo gumu: utaivaa? Kama jibu ni hapana, kwamba utaiweka sandukuni ungojee bei ipande, basi hukusanyi saa, unafuga matumaini.

Nasema haya kwa ukali kwa sababu nawaona vijana wetu wa chuo wakitoa fedha ya kujikimu kununua majina. Na huku wanayapita mema yaliyo wazi. Nimeona saa ikitupwa kwa bei ya chai kwa kuwa akrabu yake ya sekunde iliruka sekunde mbili mbili, muuzaji akidhani ni mbovu. Kumbe katika saa nyingi za namna hiyo mruko huo ni wa makusudi: ni onyo kwamba betri yakaribia kwisha. Saa inayoweza kuonya bado ina akili zake timamu.

Nimalizie kwa ununuzi wangu ulio bora kuliko wote. Baba alipofariki, tuliiweka saa yake ndani ya kopo pamoja na betri yake, kwa heshima. Na heshima hiyo isiyo na maarifa ndiyo iliyoiua. Betri ilivuja. Fundi alinakili namba iliyo mgongoni mwake, akaniambia nitafute ndugu yake. Niliitafuta kwa mwaka mzima na zaidi. Nikaipata katika rundo la vitu vikuukuu sokoni: kioo kimepasuka, mkanda hakuna, uso umekwaruzika, shilingi 15,000. Hakuna mkusanyaji wa mjini ambaye angeinama kuiokota. Lakini mtambo wake ulikuwa hai. Mzee yule alitumia adhuhuri moja kuuhamisha, na saa ya baba ikatembea.

Nilimwuliza ni nani anayejifunza kazi hiyo kwake. Akajibu kuwa hakuna. Vijana wapenda simu. Basi hapa ndipo penye hasara yetu ya kweli. Saa zote za dunia zikilundikwa sandukuni hazitamlisha fundi hata mmoja, na siku fundi wa mwisho atakapofunga kisanduku chake, zile za kamani zenye roho na zile za betri zisizo nayo zitakuwa maiti sawasawa. Saa istahiliyo kununuliwa ni ile itakayompa fundi kazi na mvaaji wakati. Zilizobaki ni nyuso.

Naandika haya saa ya baba ikiwa mkononi. Akrabu fupi imelenga moja, nami, kama alivyonifundisha, nasoma saa saba.