VIUMBE WA KWETU: Kakakuona, Mnyama Asiye na Jino

Kila mwenye nyumba huko Gatete, karibu na Rumonge, anamjua mchwa. Huanza chini ya mkeka, hupanda nguzo, kisha huingia katika sanduku la nguo na vitabu vya watoto. Bali wachache wanamjua adui wa mchwa aitwaye kakakuona, kwa kuwa mnyama huyu hutembea usiku, na mchana hujificha.

Wengine humchanganya na nungunungu. Nungunungu ana miiba, naye hula mihogo na mahindi, hivyo mkulima ana haki ya kumlalamikia. Kakakuona ana magamba yaliyopangana kama vigae vya paa, wala hagusi mazao. Hana hata jino moja. Chakula chake ni sisimizi na mchwa. Macho yake ni dhaifu, kwa hiyo huwatafuta kwa kunusa. Hubomoa kichuguu kwa kucha zake imara, kisha huingiza ulimi mrefu wenye ute unaonata. Wadudu wakimvamia, huziba pua na masikio. Tumbo lake ndilo linalosaga chakula, likisaidiwa na mchanga na vijiwe anavyovimeza, mfano wa firigisi ya kuku.

Huko Australia na Guinea Mpya yuko mnyama aitwaye ekidna, ambaye pia hana meno na hula wadudu kwa ulimi. Mtu angewadhania kuwa ndugu, lakini sivyo. Ekidna hutaga yai, ingawa mtoto wake hunyonya maziwa. Kakakuona huzaa, na jamii iliyo karibu naye zaidi kwa nasaba ni ile ya mbwa na paka. Kufanana kwao kumetokana na chakula chao.

Afrika Mashariki ina aina tatu za kakakuona: yule mkubwa, ambaye aweza kupita kilo 30, yule wa nyika, ambaye hutembea kwa miguu ya nyuma, na yule mdogo wa mitini, ambaye hujishikiza matawini kwa mkia.

Jambo kubwa la kukumbuka ni uzazi wake. Kwa kawaida jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Mtoto huzaliwa na magamba laini, na akitoka shimoni hupanda juu ya shina la mkia wa mama. Hatari ikitokea, mama hujikunja kama mpira na kumfunika. Basi anayemuua jike mmoja huenda ameua wawili.

Kujikunja huko humshinda hata simba. Kwa binadamu hakufai kitu: huokotwa tu na kutiwa guniani. Mwezi wa Aprili 2019, huko Singapore, zilikamatwa shehena mbili za magamba kutoka Nigeria, zenye jumla ya zaidi ya tani 25. Wanunuzi huamini kuwa ni dawa. Lakini magamba hayo yameumbwa kwa kitu kile kile kilichoumba kucha na nywele za mtu. Mgonjwa anayeyanunua hununua kucha. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kakakuona wa aina zote.

Hata heshima yaweza kumdhuru. Katika sehemu kadhaa za Tanzania, akionekana huletwa mbele ya watu, akawekewa maji, unga na silaha, ili kile atakachokigusa kitabiri mwaka. Hata hivyo mnyama huyu hastahimili kufungiwa, na mara nyingi hufa.

Kakakuona hawezi kuwamaliza mchwa wote, lakini kila usiku huwapunguza bila malipo. Wazazi na wawafundishe watoto kumtofautisha na nungunungu. Akionekana, aachwe apite. Akiwa amenaswa au ameumia, waarifiwe maofisa wa mazingira. Na anayeuziwa magamba yake kwa jina la dawa, akatae, akampeleke mgonjwa wake zahanati.