Mbwa kapewa magurudumu, babu kapewa mjukuu!

Mfuko wangu unapiga mluzi kama kawaida yake. Leo sina habari za nani kamwacha nani wala nani kafumaniwa wapi. Leo ni habari ya mbwa. Usicheke kwanza, tulia nikupashe, maana mwisho wake siyo mbwa tena, ni mimi na wewe.

Iko hivi. Kule kwa wenzetu Marekani na Ulaya, mbwa akipooza miguu ya nyuma siyo lazima auawe. Anatengenezewa kigari! Kinakuwa na fremu nyepesi ya alumini, magurudumu mawili nyuma, mkanda kifuani na kitambaa laini cha kushikilia kiuno. Mbwa anavuta kwa miguu ya mbele, nyuma inateleza yenyewe, na maisha yanaendelea. Siyo jambo la jana wala juzi. Daktari wa mifugo wa Marekani aitwaye Lincoln Parkes alikuwa anaviunda tangu miaka ya 1960. Wateja wakubwa ni wale mbwa warefu wenye miguu mifupi kama ya stuli, wanaoitwa dachshund, maana pingili zao za mgongo ni rahisi kuharibika.

Video ya mbwa wa namna hiyo ilizunguka kijiweni kwetu hapa Arusha wiki hii, simu ikatoka mkono hadi mkono. Mmoja akasema Wazungu wana hela za kuchezea. Mwingine akaja juu kabisa: "Yaani mbwa anatembelea gari, na kule kwetu kuna mama anatambaa kwa magoti mpaka bombani!" Kijiwe kizima kikaguna. Fundi baiskeli wetu akatazama mara mbili, akasema hicho kitu anakitengeneza mchana mmoja kwa bomba la plastiki na magurudumu ya baiskeli ya mtoto.

Mimi nilinyamaza, siyo kwamba nilikosa la kusema. Hasira ya yule mshikaji ni ya haki, ila ameielekeza kwa mbwa na mbwa hana kosa. Hakumnyang'anya mama yule baiskeli yake. Na fundi naye ana haki nusu. Kuunganisha mabomba siyo kazi. Kazi ni vipimo. Kigari cha mbwa kinapimwa urefu wa kiuno kutoka chini, upana wa nyonga, urefu wa mwili na uzito. Kikizidi, kinamvuta nyuma. Kikipungua, kinamchubua mpaka kidonda. Na hakai humo kutwa nzima, kwa sababu humo ndani hawezi kulala. Mbwa aliyepooza wakati mwingine hata mkojo lazima asaidiwe kuutoa. Kwa hiyo ukimwona anakimbia kwenye video ujue nyuma yake kuna mtu anayemhudumia asubuhi, mchana na jioni. Hilo neno vipimo liweke pembeni, tutalirudia.

Sasa twende Endabash. Kama hupajui, unatoka Arusha, unashuka Karatu mjini, unaiacha ile lami inayowapeleka watalii Ngorongoro, halafu unakamata barabara ya vumbi jekundu. Masika vumbi hilo linageuka tope la kukuvua viatu. Ni kwa Wairaqw huko, watu wa mahindi, maharage, mbaazi na ng'ombe. Mjomba wangu anaishi huko, na mwaka jana nilikwenda kumsalimia. Kila boma lina mbwa. Hapakatwi mtu, ana kazi yake: fisi akisogea zizini usiku, ni yeye anayeamsha watu.

Siku moja njiani nikakutana na babu mmoja haoni, ameshika ncha ya fimbo. Ncha ya pili kashika mjukuu wake, dogo wa kama miaka tisa hivi. Nyuma yao mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo, mkia juu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe wa kwa nani? Hatua zako sizijui."

Nikamtajia jina la mjomba, akafurahi, tukasimama tukaongea mvua na bei ya mbaazi. Halafu nikamgeukia dogo, nikamuuliza yuko darasa la ngapi. La tatu, akasema. Nikamuuliza leo si ni Jumatano? Dogo akatazama chini. Aliyejibu ni babu.

"Siku za mnada ananipeleka yeye. Siku za kliniki ananipeleka yeye. Kukiwa na msiba ni yeye. Baba yake yuko machimboni, mama yake shambani. Nani mwingine anipeleke?"

Msomaji wangu, swali hilo sikuwa na jibu lake pale barabarani. Na usimlaumu babu haraka haraka. Hakuomba kuwa haoni. Lakini dogo naye hakuomba kuwa macho ya mtu mwingine akiwa na miaka tisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya kusoma, na mwaka 2016 ada ilifutwa mpaka kidato cha nne. Lakini ada ikifutwa, fimbo ile bado ameishika mkononi. Mimi mwenyewe niliishia hiyohiyo fomu foo, na najua mtoto akikosa siku mbili kila wiki, hesabu za kugawanya zinampita kama basi la Ngorongoro.

Wenzetu kazi ya dogo huyu wamempa mbwa. Ujerumani ndiyo ilianza kwa nguvu, mwaka 1916, baada ya askari wengi kupofuka katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1928 kijana wa Marekani aitwaye Morris Frank alikwenda Uswisi akarudi na mbwa wake Buddy, na mwaka uliofuata ikaanzishwa shule ya The Seeing Eye, ambayo mpaka leo ipo. Uingereza walianza 1931 na mbwa wanne wa kike.

Watu wengi wanadhani mbwa yule anajua njia. Hajui! Anayejua njia ni mwenye mbwa: kushoto, kulia, mbele. Mbwa kazi yake ni kukwepa shimo, nguzo, ngazi na gari. Na kuna somo moja gumu kuliko yote, nalo ni kukataa. Bwana akisema twende na gari linakuja, mbwa anagoma kabisa. Nionyeshe dereva wa bodaboda anayeweza hilo!

Je, Endabash inawezekana? Nisikudanganye, ile ya Kizungu nzimanzima ni ngumu. Kumfundisha mbwa mmoja kunakula makumi ya maelfu ya dola, halafu anafanya kazi miaka saba au minane anastaafu. Pia anataka kula vizuri kila siku, na kuna maboma ambayo binadamu wenyewe wanahesabu milo. Konda wa Hiace atakubali mbwa apande? Na wenzetu Waislamu wana masharti yao kuhusu mate ya mbwa. Hili la dini lakini lina njia: mwaka 2008 msikiti mmoja mjini Leicester, Uingereza, ulimruhusu kijana asiyeona afike na mbwa wake, mbwa akatengewa mahali pa kupumzika na kijana akaingia kuswali. Watu walikaa wakaongea, basi.

Anayesema mbwa wa Kiafrika hafundishiki, huyo simkubali. Panda basi mpaka Gulu, kaskazini ya Uganda. Kuna jamaa anaitwa Francis Okello Oloya. Akiwa na miaka 12 alikuwa analima, bomu lililofukiwa ardhini likalipuka, akapoteza macho. Akapelekwa shule ya bweni, choo kiko mbali na mabweni, na mbwa wa pale shuleni wakawa wanamsindikiza usiku. Hakuna aliyewafundisha. Amekua, amesomea saikolojia, na mwaka 2015 akaanzisha mradi wa kuwaunganisha mbwa hawa hawa wa kienyeji na watu walioumizwa na vita vya Kony: wasiolala usiku, wanaoshtuka kila mlango ukigongwa. Mbwa anatibiwa, anachanjwa, anafundishwa pamoja na mtu wake. Siyo Labrador wa kununuliwa. Ni mbwa koko kama yule wa babu!

Na hapa hapa Bongo je? Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya mmoja, Magawa, alizaliwa Tanzania, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, akanusa mabomu na milipuko zaidi ya 100 na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu ya ushujaa kutoka Uingereza. Alikufa Januari 2022. Hebu fikiria ni miguu ya watoto wangapi aliyoiokoa kabla haijahitaji magurudumu. Sasa kama panya kafuzu, mbwa atashindwaje?

Lakini wakati tunasubiri mbwa, babu anatakiwa kwenda mnadani Jumatano hii. Nampa jibu langu sasa, japo nimechelewa: fimbo nyeupe. Siyo ile ya kushikana na mjukuu. Ni ile ndefu na nyepesi, inayochezeshwa kushoto na kulia mbele ya miguu, mtindo uliobuniwa na Richard Hoover huko Marekani kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita ya Pili. Ile fimbo inapimwa, iliyozoeleka inafika kifuani kwa mtumiaji, na lazima afundishwe kuitumia na mtu anayejua. Inagharimu kidogo sana ukilinganisha na mbwa, haili, na haina darasa la tatu inalolikosa.

Umeona neno vipimo limerudi? Hata baiskeli za walemavu ni hivyo hivyo. Tunapenda sherehe ya kukabidhi: mheshimiwa, kamera, kigelegele. Wiki mbili baadaye kiti kimegeuka banda la kuku kwa sababu ni kikubwa, ni cha sakafu ya hospitali, na njia ya kwao ni mawe na tope. Kiti kisichopimwa kinaleta vidonda vya kukalia, na kidonda hicho kinaua. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 likasema wazi kwamba mtu apimwe, akae, ajaribu, afundishwe, na afuatiliwe baadaye. Mafundi wa kazi hiyo wanasomeshwa Moshi, pale TATCOT. Kwa hiyo ule mbwa wa kwenye video alichotuzidi siyo hela peke yake. Kuna mtu aliyepiga magoti akampima!

Kabla sijakuacha, nina onyo. Usije ukasoma hapa ukakimbilia mbwa yeyote anayeburuta miguu ukampime kigari. Kama hakugongwa na gari na hujui kilichompata, kaa mbali. Kichaa cha mbwa siyo lazima akimbie hovyo akitoa povu. Kipo kinachoanza kwa kupooza, taya linalegea, unadhani amekwamwa na mfupa, unatia mkono mdomoni, kwisha habari yako. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalisema Watanzania karibu 1,500 walikuwa wanakufa kila mwaka kwa ugonjwa huo, na wengi wao ni watoto. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe chanjo. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Na mbwa wachanjwe: wakichanjwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia.

Kwa hiyo mambo ni matatu, na hakuna hata moja linalosubiri mfadhili kutoka Ulaya. Mchanje mbwa wako. Ukitoa kiti au fimbo, mpime mtu kwanza. Na kama mtaani kwenu kuna mtoto anayemwongoza mzee saa za shule, wewe kijana unayeshinda kijiweni, mpokee hiyo fimbo. Siku moja tu kwa wiki. Mkiwa watano mnamaliza wiki nzima, dogo yuko darasani.

Ukiona aibu kumwongoza mzee mbele ya mademu, kumbuka yule mbwa wa Endabash. Hana mshahara, hana medali, na kila siku ya mnada yuko nyuma ya babu. Tchao, tukutane wiki ijayo!