Deni Mara Deni: Namba Hasi Tunazifundisha Vibaya

Mtu yeyote wa Ruiru aliyetumiwa 500 zikaingia moja kwa moja kulipa Fuliza anaelewa namba hasi. Alikuwa na deni la 800, amepokea 500, bado yuko chini ya sifuri kwa 300. Hakuna aliyemfundisha ubaoni. Sasa mbona mdogo wake darasani anaambiwa "hasi mara hasi ni chanya, kariri twende," na akiuliza kwa nini anaonekana kichwa ngumu?

Mimi niliachia chuo katikati, kwa hivyo sina digrii ya kukutisha nayo. Lakini historia ya hizi namba nimeisoma, na naona wanafunzi wananyimwa ile sehemu tamu kabisa.

Kule India, mwaka 628, Brahmagupta aliandika kanuni zake akiita chanya mali na hasi deni. Deni mara deni ni mali, ndivyo alivyosema. Peleka hiyo soko la Thika: mama mboga akikufutia madeni matatu ya shilingi 50, umepanda kwa 150. Umeondolewa hasi mara tatu. Wachina walikuwa wametangulia, wakihesabu kwa vijiti: vyekundu vya chanya, vyeusi vya hasi.

Wazungu ndio walisumbua. Mwaka 1758, zaidi ya miaka 1,000 baada ya Brahmagupta, Mwingereza Francis Maseres, msomi wa Cambridge, bado alichapisha kitabu cha kupinga jinsi namba hasi zilivyotumiwa kwenye aljebra. Kwa hivyo mtoto wa Gredi ya 8 akichanganyikiwa, si mjinga. Yuko na wenzake wakubwa.

Halafu kuna zile za kufikirika. Mwaka 1545, Mwitaliano Cardano alitafuta namba mbili: ukizijumlisha upate 10, ukizizidisha upate 40. Jaribu tu. 5 mara 5 ni 25, na huwezi kupita hapo. Jibu lake lilikuwa na kipeuo cha pili cha -15, kitu ambacho hakuna kidole wala shilingi ya kukihesabia. Alilihakiki, likakubali, halafu akasema halina faida. Bombelli naye, mwaka 1572, akaonyesha kwamba ukipita njia hiyo ya ajabu unaweza kutokea upande wa pili na jibu la kawaida kabisa, kama 4.

Hilo jina "za kufikirika" lilitoka kwa Descartes, 1637, na likakwama. Mwaka 1831 Gauss alilalamika kwamba ni majina haya yaliyozitia giza. Mimi niko na Gauss. Ukimwita mtu mzimu, nani atamkaribia?

Na si mzimu. Mota za viwanda vya Thika huvuta nguvu ya aina mbili: ile inayofanya kazi, na ile inayoenda na kurudi kutengeneza sumaku. Hiyo ya pili, mainjinia huiandika kwa namba hizi hizi za Cardano. Kiwanda kikiivuta kupita kiasi, bili ya stima inapanda, na hiyo bili inalipwa kwa shilingi za ukweli.

Mwalimu wa hesabu, Jumatatu asubuhi andika lile swali la 10 na 40 ubaoni. Usitaje kanuni yoyote. Waache wabishane mpaka kengele.