Balbu ya Kulelea Miche: Soma Namba Kabla ya Kulipa



Stima imefika katika mashamba mengi ya skimu. Huenda wewe unayeishi penye baridi kali, kama Kinangop, umefikiri kulea miche ya kabichi ndani ya nyumba chini ya balbu. Shauri hilo si baya. Lakini usinunue balbu kwa sifa za muuzaji. Soma pakiti yake.

Juu ya pakiti utaona namba kama 2700, 4000 au 6500, kisha herufi K. Namba hiyo si ya nguvu ya balbu. Yaonyesha rangi ya mwanga wake. Kumbuka chuma cha mhunzi: kikipata moto huwa chekundu, ukizidi huwa cha manjano, ukizidi tena huwa cheupe. Vivyo hivyo namba ndogo ni mwanga wa manjano, na namba kubwa ni mwanga mweupe unaoelekea buluu, kama wa mchana wenye mawingu.

Mche waijua tofauti hiyo. Mwanga wenye buluu ya kutosha huufanya uwe mfupi na mnene wa shina. Buluu ikipungua, mche hurefuka na kuwa dhaifu. Basi kwa miche chagua balbu ya LED ya namba 5000 hadi 6500. Kama unayo ya 4000, itumie, usitupe fedha. Wala usidanganyike kwamba ni lazima kununua taa ya zambarau ya bei kubwa. Mwanga mweupe una buluu na wekundu pia, na miche hukua nao vizuri.

Lakini rangi peke yake haitoshi. Jua la adhuhuri lashinda kwa zaidi ya mara mia mwanga wa balbu ya nyumbani iliyo mita moja kutoka kwako. Kwa hiyo balbu iliyotundikwa darini, hata ikiwa ya rangi gani, haitalea mche. Ishushe hadi sentimita 20 au 30 juu ya majani. Iwake saa 14 kwa siku, kisha uizime. Balbu ya zamani ya waya isitumike, maana stima yake nyingi hupotea kuwa joto na huweza kuunguza majani. Unapomwagilia, maji yasiguse nyaya.

Sasa piga hesabu. Balbu mbili za wati 15, zikiwaka saa 14 kila siku, kwa siku 28 hutumia karibu yuniti 12. Zidisha kwa bei unayolipia tokeni, kisha linganisha na bei ya kununua miche. Kama faida haionekani, usianze.

Maoni yetu ni haya: nchi yetu iko penye Ikweta, na mchana wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima. Penye kitalu cha nje kinachoweza kufunikwa usiku, balbu haina kazi. Balbu ni ya mkulima ambaye baridi imemwulia miche. Naye pia, kabla ya kupanda, aizoeze miche yake jua na upepo kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10.

Jua halidai tokeni. Litumie kwanza.