Kioo Kinachozima Mng'ao

Katika nyumba nyingi iko picha moja tu ya babu au ya bibi aliyekwisha fariki, nayo imetundikwa ukutani ndani ya fremu ya kioo. Wajukuu walio mbali wanaomba nakala. Kuitoa huthubutu, maana kwa unyevu wa miaka mingi karatasi imegandamana na kioo. Ukiibandua kwa nguvu, uso wa babu utabaki kiooni vipande vipande. Basi waipiga picha hivyo hivyo ilivyo, kwa kamera au kwa simu. Na tazama unachopata: mlango, dirisha, na wewe mwenyewe umeinua mikono! Babu haonekani.

Usiilaumu kamera. Nuru ya mlangoni imegonga kioo ikaruka, nayo imeifunika nuru hafifu itokayo katika picha. Ikiisha kufunikwa, fundi wa baadaye atabuni tu, naye hakumjua babu yako. Dawa yapasa kuwekwa mbele ya lenzi kabla ya kupiga.

Dawa yenyewe ni kioo cha duara, rangi yake kijivu, na wapiga picha hukiita polaraiza. Ili kufahamu kazi yake, fikiri kamba iliyopenya kati ya fito mbili zilizosimama wima. Ukiitikisa juu na chini, wimbi lapita. Ukiitikisa kushoto na kulia, lagonga fito na kufa. Nuru nayo husafiri kama mawimbi, na nuru ya jua hutikisika pande zote. Walakini ikiruka kwa mshazari juu ya maji au kioo, sehemu kubwa yake hutikisika upande mmoja tu. Polaraiza ndiyo fito zetu: ukiizungusha mpaka iupinge mtikisiko huo, mng'ao wazimika, na nuru nyingine yaendelea kupita.

Jambo hili lilionwa na Mfaransa mmoja, Étienne-Louis Malus, injinia wa jeshi. Mwaka 1808, mjini Paris, alitazama mng'ao wa jua katika madirisha ya jumba la Luxembourg kwa kutumia jiwe angavu, lile linaloonyesha kila kitu kuwa viwili. Alipoligeuza, mng'ao mmoja ulififia na wa pili ukazidi. Lakini mawe ya namna hiyo si ya kufungwa kwenye kila kamera. Mwaka 1929 Edwin Land wa Marekani aliomba haki ya uvumbuzi wake, utando mwembamba ufanyao kazi ile ile kwa bei nafuu.

Turudi kwenye fremu yetu. Ukisimama mbele yake sawasawa, polaraiza haitakusaidia, kwa sababu nuru irukayo moja kwa moja haikupangwa upande mmoja. Sogea ubavuni. Mahali pazuri kupita pote ni pale unapokitazama kioo kwa mshazari wa digrii 34 hivi kutoka usoni pake, lakini hapo picha itapinda mno. Digrii 45 zatosha. Zungusha polepole huku ukitazama, ukaache hapo uso unapotokea. Mng'ao ukibaki, angalia ni kitu gani kinachoonekana kiooni, ukakifunike kwa blanketi jeusi. Kupinda kidogo kwaweza kunyoshwa baadaye kwa simu au kompyuta. Uso uliofunikwa haufunuliwi hivyo. Tena egemeza kamera mezani, maana polaraiza hula nusu ya nuru au zaidi, na mkono ukitetemeka picha hutoka na ukungu.

Kwa njia hiyo hiyo utaona mawe chini ya maji ya mto, na majani ya mgomba yaliyolowa mvua yatarudia ukijani wake. Ila mng'ao wa bati jipya au wa kengele ya baiskeli hautaondoka. Metali tupu hairushi nuru kwa utaratibu ule.

Asiye na polaraiza aweza kushika miwani ya jua ya namna hiyo mbele ya lenzi ya simu. Lakini ijaribu kabla ya kulipa, maana miwani mingi ya sokoni ni rangi tupu. Tazama kwa mshazari mng'ao wa mbingu katika beseni la maji, huku ukiizungusha miwani kama usukani. Mng'ao ukizidi na kupungua, inunue. Usipobadilika, mrudishie mwenyewe.