Kuomba Nafasi Chuoni Si Kuomba Sadaka



Ndugu yangu, dada yangu, hata kama hatujawahi kuonana, hali yako naijua. Ulituma ombi la shahada ya uzamili tangu Novemba. Sasa ni Machi. Kila ukiamka kitu cha kwanza ni simu, unafungua barua pepe kabla hata ya kupiga mswaki. Kimya. Unafungua tena ndani ya matatu, unafungua tena dukani kwa ami yako wakati hakuna mteja. Jioni nyumbani mama anauliza, "Vipi, wamejibu?" Nawe unasema, "Bado, inshallah," huku unalikwepa jicho lake.

Wiki jana kijana mmoja wa mtaani alinijia na hali hiyo hiyo. Ana digrii nzuri, ameomba chuo kimoja cha umma hapa hapa Kenya, na amengoja miezi mitano bila neno. Nikamuuliza, umewapigia? Umewaandikia? Akanijibu kwa sauti ya chini, "Nikiwasumbua si watanikata?"

Jibu hilo ndilo lililonikalisha kuandika.

Kiswahili chetu kina neno moja, kuomba, na tumelipa kazi tatu. Tunaomba dua. Tunaomba sadaka. Na tunaomba nafasi chuoni. Naona vijana wetu wengi wameichukua adabu ya mwenye kuomba sadaka, ile ya inamisha kichwa, nyamaza, usiulize, wakaipeleka mahali pasipo pake. Wewe hukwenda kuomba sadaka. Umelipa ada ya maombi, umetimiza masharti waliyoyatangaza wenyewe, umetuma karatasi walizozitaka. Na wao pia wanakuhitaji, maana chuo bila wanafunzi wa uzamili kitafanya utafiti na nani? Unaidai ile ofisi jibu. Likiwa la ndiyo au la hapana, ni jibu.

Na kunyamaza kuna gharama yake. Dada mmoja tunayemjua aliomba kusoma afya ya jamii. Akangoja miezi saba. Siku alipopata moyo wa kwenda mwenyewe hadi ofisini, karani alifungua faili akamwambia ombi lake halikuwahi kufika kwenye kamati, kwa sababu transkripti ya mwaka wa tatu haikuwemo. Miezi saba! Hakuna aliyemkataa. Hakuna hata aliyemsoma. Chuo sikitaji, na wallahi si kimoja kinachofanya hivyo. Mwaka ukaenda, na mwaka mmoja kwa msichana wa kwetu wa miaka 26 si kitu kidogo. Tunajua vile watu wanavyomhesabia.

Kwa hivyo ni vizuri ujue ndani kunaendaje. Katika vyuo vyetu vingi ombi lako halisomwi na mtu mmoja. Linapokelewa na ofisi ya usajili, likikamilika linapelekwa idarani, wahadhiri wanaangalia kama umefuzu na kama kuna mtu wa kukusimamia, kisha linarudi juu kwa kitengo cha uzamili ndipo barua iandikwe. Mhadhiri akiwa likizoni, kikao kikikosa watu, mgomo ukiingia (na migomo tunaijua), faili inakaa. Mara nyingi kimya unachokisikia ni faili iliyolala juu ya meza ya mtu. Hakuna hukumu iliyotolewa.

Walioomba nje wana kalenda tofauti. Marekani programu nyingi hufunga maombi karibu na Desemba na majibu huja kati ya Februari na Aprili. Vyuo vingi huko vimekubaliana kuhusu tarehe 15 Aprili: mwanafunzi aliyepewa nafasi yenye ufadhili halazimishwi kujibu kabla ya siku hiyo. Sasa fikiria. Mtu aliyepata vyuo vitatu anaweza kuvishikilia vyote hadi wiki ile. Akiviachia viwili, nafasi zinashuka kwa walio kwenye orodha ya kusubiri. Ndiyo maana mwisho wa Machi bila jibu si mwisho wa mambo, na ukiambiwa uko kwenye orodha ya kusubiri, waandikie kwamba bado unaitaka nafasi hiyo. Usikae tu.

Chevening ya Uingereza nayo ni kungoja mara mbili. Ufadhili ni ombi lake, chuo ni ombi lake, na kupata kimoja hakukupi kingine. Kuna watu wamepita usaili wa Chevening wakakwama kwa sababu waliacha kushughulikia chuo wakisema kwanza tuone. Na kumbuka wanataka uwe na miaka miwili ya kazi. Ile miaka uliyofundisha bila mkataba, au uliyojitolea kwenye shirika la mtaani, usiidharau. Kaa chini uhesabu saa zake, uwe na mtu wa kuzithibitisha.

Türkiye Bursları ndiyo inayoniuma. Dirisha lake hufunguliwa kila mwaka Januari 10 na kufungwa Februari 20, kuomba ni bure, na kwa uzamili unatakiwa uwe hujafika miaka 30. Nimewasikia watu watatu mwaka huu wakisema, "Niliiacha kwa sababu nilikuwa nangoja majibu ya kwingine." Jamani! Majibu ya kwingine hayakatazi kuomba huku. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu nayo ina ufadhili ambao umefikia jamii za Waislamu hata katika nchi zisizo wanachama wake, na Kenya ni mojawapo ya nchi hizo. Ni wangapi katika safu yako pale msikitini wanalijua hilo?

Sasa tuje kwenye jambo ambalo linatuhusu sisi zaidi ya wengine: majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha KCSE kinasema Mohammed, kitambulisho kinasema Muhammad na jina la babu limeongezwa. Dada ameandikwa Fatma huku na Fatuma kule. Kwetu ni jina moja. Kwa karani wa ng'ambo ni watu watatu, na faili inawekwa pembeni "kwa uthibitisho" ambao hakuna anayekuambia. Usingoje waulize. Nenda kwa wakili au kamishna wa viapo, ufanye hati ya kiapo inayosema majina haya yote ni ya mtu mmoja, uiambatanishe tangu siku ya kwanza. Paspoti vilevile. Wale wa Garissa, Wajir, Mandera, Lamu na Tana River wanajua kitambulisho peke yake kilivyowala miaka. Serikali ilitangaza mapema 2025 kuondoa msasa wa ziada kwa jamii za mpakani, lakini miaka ile iliyopotea hairudishwi na tangazo. Anza paspoti kabla ya barua ya chuo, si baada yake. Nimeona barua ya kukubaliwa ikiisha muda huku mwenyewe anapanga foleni ya paspoti.

Kuna pia wenzetu waliosoma Sudan. Vita vilipoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, wapo waliokimbia na nguo walizovaa, na transkripti zao zikabaki kwenye ofisi ambayo hakuna anayeifungua. Kama wewe ni mmoja wao, usijiandikie "sina karatasi" ukafunga mlango. Kusanya ulichonacho: picha ya cheti kwenye simu, kitambulisho cha mwanafunzi, risiti za ada, barua ya mhadhiri wako popote alipo sasa, Cairo au Port Sudan. Kisha kiandikie chuo unachokitaka, uwaeleze mapema na wazi. Vipo vyuo vilivyo na utaratibu kwa waliokimbia vita, lakini hawawezi kuutumia kwa mtu ambaye hakusema.

Barua pepe iwe yako. Nalisema hili kwa uchungu. Mimi ninayekuandikia nina diploma tu, na sababu mojawapo ni sanduku la posta. Nilipomaliza chuo niliomba nafasi ya kuendelea na digrii, nikaweka anwani ya shule ya msingi ya mtaani kwetu kwa sababu nyumbani hatukuwa na sanduku. Barua ilifika. Ilikaa wiki sita kwenye droo ya mwalimu mkuu, na mimi kila siku napita nje ya lango lile nikienda kazini. Nilipoipata, tarehe ya kuripoti ilikuwa imepita siku kumi na moja. Sikuenda kuuliza kama wanaweza kunihamishia muhula wa Januari. Niliona aibu. Leo najua kwamba vyuo vingi hukubali kusogeza nafasi ukiomba kwa maandishi na sababu yako ikiwa nzuri. Wakati ule nilikuwa na miaka 21 na nilidhani mlango ukifungwa umefungwa.

Siku hizi sanduku la posta limekuwa saiba. Kijana wa saiba anakufungulia anwani ya barua pepe, anaweka neno la siri lake, nambari ya simu yake, unalipa mia moja unaondoka. Miezi minne baadaye amehama na hakuna anayejua aliko. Au nambari uliyoweka ni laini uliyoipoteza. Leo kabla hujalala hakikisha unaweza kuingia kwenye anwani uliyoitumia. Angalia na lile folda la barua taka, maana barua za vyuo hupenda kuangukia huko.

Mawakala nisiwape nafasi kubwa. Yeyote anayekuambia ana mtu ndani, umpe elfu kumi na tano "kusukuma faili", anakuuzia kile ambacho barua yako mwenyewe ingekipata bure. Chevening ni bure kuomba. Türkiye Bursları ni bure. Kwa vyuo vya Marekani vinavyotoza ada, andika uombe kusamehewa. Wengine wanakubali kwa ombi la mistari mitatu. Na kabla ya kulipia mtihani wa Kiingereza kwa pesa ya kodi ya nyumba, uliza kwanza kama wanakubali alama yako ya Kiingereza ya KCSE au barua kwamba ulisomeshwa kwa Kiingereza. Vyuo kadhaa vya Uingereza huikubali KCSE.

Barua ikija, nyingine ni za kukubaliwa bila pesa. Hapo usikimbilie kuitisha mchango wa ukoo siku hiyo hiyo. Kukubaliwa ni jambo moja na karo ni jambo jingine, na nimeona familia ikiuza shamba kulipa muhula wa kwanza wa masomo ambayo muhula wa pili haukuwahi kuja. Piga hesabu ya miaka yote miwili, karo, chakula na nyumba. Kama haitimii, omba wakusogezee mwaka, utumie mwaka huo kutafuta ufadhili. Na wewe dada ambaye barua imekuja na nyumbani wanasema mbali ni mbali, usibishane peke yako kwenye simu. Tafuta mtu ambaye baba anamsikiliza, awe mjomba, ustadh au mwalimu wako wa zamani, na uende na majibu: nitakaa wapi, na nani, msikiti uko wapi, nitarudi lini. Mara nyingi "hapana" ya baba ni maswali ambayo hakuna aliyeyajibu.

Nikirudi kwa yule kijana wa miezi mitano. Chuo chake ni cha umma. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi kama hilo ndani ya siku 21. Wakinyamaza, malalamiko yanapelekwa kwa Ombudsman. Hatukuanza huko, na wewe usianze huko. Sheria ni ya pili, adabu ni ya kwanza. Tulikaa kwenye benchi nje ya duka, tukaandika kwa Kiingereza mistari minne. Jina lake kamili na nambari ya ombi. Tarehe aliyotuma na programu aliyoiomba. Swali moja: je, faili yangu imekamilika, na kama kuna karatasi inayokosekana ni ipi? Swali la pili: kamati inakaa lini? Kisha asante. Hakuna kuomba radhi kwa usumbufu, hakuna hadithi ya shida za nyumbani.

Alituma saa nane mchana. Kesho yake asubuhi walimjibu: barua moja ya mhadhiri haijafika, kamati inakaa mwisho wa mwezi. Mhadhiri mwenyewe alikuwa amesahau. Amempigia, ameituma.

Kama umengoja zaidi ya wiki sita bila neno, andika mistari yako minne leo. Ukikwama kwenye maneno, tutumie inboksi tuiangalie pamoja kabla hujatuma. Na wakishajibu, hata wakisema hapana, rudi utuambie walisema nini.